Tuvunje mishono yetu kabla ya barabara kuivunja

Jumamosi moja mwezi uliopita alinijia nyumbani kijana niliyemfundisha fizikia miaka kadhaa iliyopita. Baada ya shikamoo na marahaba, na kabla hata ya chai kumiminwa, alinishika mkono akanitoa nje kwenda kulitazama gari lake. Lilikuwa Toyota Land Cruiser kuukuu, aliyoinunua ikiwa mkweche na kuifufua kwa jasho lake mwenyewe. Akaniomba niiname nitazame chini, upande wa nyuma. Nikainama, magoti yakilalamika, nikaona kwamba juu ya kasha la ekseli pamesimamishwa ufito mpana wa chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, na ufito huo umelehemiwa kwa mshono mrefu uliopangika kama magamba ya samaki. Juu yake amepaka rangi ya fedha. Kwa kweli ilikuwa kazi ya kupendeza macho.

Aliniambia kuwa kazi yote ameifanyia uani kwa baba yake, kwa mojawapo ya zile mashine ndogo za inveta ambazo siku hizi mtu huzibeba begani kama mkoba. Hakuwa na mwalimu. Nia yake ni kulipeleka gari hilo milimani na majangwani, na Mungu akijalia aingie siku moja katika Rhino Charge, yale mashindano yaliyoanza mwaka wa 1989 kuchangisha fedha za kuuzungushia ua wa umeme msitu wa Aberdare. Ua huo wa kilomita 400 hivi ulikamilika mwaka wa 2009, lakini mashindano yangali yakiendelea, na magari hutakiwa kufikia vituo 13 kwa muda wa saa 10 kwa mwendo mfupi kabisa uwezekanao, mahali ambapo aghalabu hapana njia ila mawe, makorongo na miiba. Ekseli dhaifu haina lake huko.

"Waonaje, Mwalimu?" akaniuliza.

"Mshono ni mzuri," nikamjibu. "Umevunja mingapi?"

Akacheka, akidhani ninamfanyia mzaha. Sikuwa nikifanya mzaha, na ili msomaji aelewe kwa nini, yanilazimu nisimulie jambo ambalo kwa miaka mingi nimelificha, kwani halinipi sifa yoyote.

Mwaka wa 1998 nilikuwa nikiishi Voi na kufundisha katika shule moja iliyo kando ya barabara ya kwenda Taveta. Wakati huo barabara hiyo ilikuwa ya udongo na changarawe, na mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa mwaka wa 1997 zilikuwa zimeiharibu isitamanike. Palikuwa na mahali ambapo dereva hakuendesha gari barabarani, bali aliendesha kando ya kile kilichokuwa barabara. Nami nilikuwa na Land Rover ya Series IIA, ile ndefu ya inchi 109, niliyoipata kwa bei ya kutupa. Walimu wenzangu waliiita jeneza, lakini wao hao ndio waliokuwa wa kwanza kuipanda ikifika saa ya kwenda nyumbani.

Baada ya miezi michache ya mashimo, niligundua kuwa kasha la ekseli ya nyuma lina ufa mdogo karibu na mahali springi inapokaa. Kasha hilo, kwa wasiojua, ni lile bomba lenye kitumbo katikati linalobeba uzito wa sehemu ya nyuma ya gari. Ndani ya kitumbo hicho mna difu, na kutoka kwenye difu hutoka shafti mbili, moja kila upande, zinazozungusha magurudumu. Magurudumu husukuma ncha za kasha kuelekea juu, springi nazo huligandamiza kuelekea chini. Kila shimo moja ni pigo moja la nyundo. Mtu mwenye busara angelipeleka gari kwa fundi. Mimi nilikuwa na shahada ya fizikia.

Nikaenda maktaba, nikasoma. Nikapiga hesabu. Nilijua kwamba rula ikilazwa bapa hupindika kwa kidole kimoja, na ikisimamishwa kwa ukingo wake haipindiki hata ukiilalia. Ufito wa upana wa milimita 30 na unene wa milimita 6 ukisimamishwa wima huwa mgumu kupinda mara 25 kuliko ukilazwa, kwa sababu ugumu huo hukua kwa kipeo cha tatu cha kimo chake. Mwanafunzi na achukue kalamu ahakikishe. Kwa hiyo nikaamua kuusimamisha ufito wa chuma juu ya kasha, niuleheme, au niuchomelee kama wasemavyo mafundi wetu, kutoka ncha hadi ncha. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Mpaka leo ni sahihi.

Nikakodi mashine ya kuchomelea, ile ya zamani ya transfoma, nzito kama gunia la saruji. Rodi nilikuwa nimezinunua mapema, nikaziweka stoo wakati wa mvua, na pakiti ilikuwa imefunguka. Nikajifunza kwa siku mbili juu ya vyuma chakavu. Nikayachoma macho mara moja, nikakesha usiku kucha nikihisi kama nimetiwa mchanga ndani ya kope. Siku ya tatu nikajiona nimehitimu. Nikauchomelea ufito ule upande mmoja kwa mwendo mmoja bila kupumzika, kisha nikageukia upande wa pili, nikafanya vivyo hivyo. Kwa kuwa kazi ilichelewa na nilitaka kuikagua kabla ya giza, nikaimwagia ndoo ya maji ipoe. Moshi ulipotawanyika nikauona mshono wangu, nikaupenda, nikaupaka rangi nyeusi.

Miezi mitatu ikapita bila tatizo. Naam, tairi za nyuma zilianza kulika ukingo wa ndani, na mafuta yalikuwa yakivuja kidogo kwenye gurudumu la kushoto, lakini gari kuukuu halikosi kuvuja. Nilijieleza hivyo nikatosheka.

Kisha ikafika siku ya mashindano ya sayansi ya wilaya kule Wundanyi, yaliko makao makuu ya wilaya wakati huo. Nilikuwa na watoto saba nyuma ya gari pamoja na mradi wao, daraja la vijiti vya mwanzi na gundi. Mradi huo tuliuhangaikia muhula mzima. Walikuwa wamejenga madaraja matano ya maumbo mbalimbali, na kila moja wakalitundikia mizigo mpaka likavunjika, wakaandika uzito wake wa mwisho na mahali lilipovunjikia. La sita ndilo tulilolibeba. Nilikuwa nimewafundisha, kwa maneno yangu mwenyewe, kwamba hujui nguvu za kitu mpaka umekiona kikishindwa.

Yeyote aliyewahi kupanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi anaijua ile barabara inavyojikunja na kujikunjua juu ya bonde. Tulikuwa katika kona moja kali ya kupanda niliposikia mlio mmoja tu, kama ukuni mkavu unaopasuliwa. Injini ikapiga kelele, gari likasimama. Nikavuta breki ya mkono hadi mwisho. Gari likaanza kurudi nyuma.

Sharti nieleze hapa kilichotokea, maana siku ile mimi mwenyewe sikukielewa. Katika Land Rover za enzi hizo breki ya mkono haikushika magurudumu yenyewe. Ilishika shafti kubwa inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Shafti ndogo ya gurudumu moja ikikatika, difu huuachilia upande huo uzunguke bure, na kuishika shafti kubwa hakuna faida tena: ni sawa na kushika mkia wa ng'ombe aliyekwisha kukatika kamba. Mwenye utulivu angekibonyeza kile kitufe cha manjano kilicho sakafuni ili magurudumu ya mbele nayo yaunganishwe, na gari lingeshika. Mimi sikuwa na utulivu. Nilikuwa na mguu mmoja juu ya breki ya kawaida, nikiikanyaga kwa nguvu zangu zote, na nyuma yangu palikuwa na watoto saba wa watu, na nyuma yao ukingo wa barabara.

Breki ikashika. Nikawapigia kelele watoto waruke wakatafute mawe. Wakaruka, wakayatia mawe nyuma ya magurudumu, na ni hapo tu nilipothubutu kuuondoa mguu. Ulikuwa ukitetemeka peke yake kana kwamba si wangu.

Tulipokuwa tumeketi kando ya barabara tukingoja msaada, msichana mmoja wa kidato cha tatu alichungulia chini ya gari, akaiona kazi yangu nyeusi. Wote walikuwa wamekwisha kunisikia nikijisifu juu yake darasani. Akaniuliza kwa adabu kabisa, bila hila yoyote: "Mwalimu, nawe ulivunja ngapi kabla ya hii?"

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilibeba swali hilo tangu siku ile.

Gari lilivutwa hadi Voi, kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa na gereji chini ya mwarobaini. Hakuwa na cheti chochote ukutani, kwa kuwa hakuwa na ukuta. Alianza kwa kutundika timazi kando ya gurudumu la nyuma. Uzi ukatuonyesha sote kwamba gurudumu limelalia ndani kwa juu. Akaenda upande wa pili, ikawa vivyo hivyo. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, ulipokuwa ukikichoma chuma hiki ulikifunga na nini?"

"Sikukifunga, mzee."

"Basi kimekufunga wewe."

Akanifundisha pale pale, juu ya kigoda, somo ambalo nililisoma chuo kikuu nisilielewe. Chuma kikipashwa moto hutanuka, kikipoa hunywea. Wanafunzi wangu walijua kwamba ufito wa chuma wa mita moja, ukiongezewa joto la nyuzi 100, hurefuka kwa milimita 1.2 hivi, mimi ndiye niliyekuwa nimewakaririsha. Lakini chuma kinachoyeyushwa katika mshono hupita nyuzi 1,500, nacho hupoa kikiwa kimekwisha kushikana na chuma baridi kilicho pembeni. Hakina nafasi ya kunywea peke yake, kwa hiyo huvuta. Mimi nilikuwa nimeweka mishono miwili mirefu juu ya kasha, yote upande mmoja, bila kituo. Ilipopoa ikavuta kama uzi wa upinde, ncha za kasha zikainuka, katikati pakabonyea. Kwa macho huwezi kuona. Kwa shafti iliyomo ndani ni adhabu, kwani yatakiwa kuzunguka katika mstari ulionyoka, ilhali bomba lake limepinda. Kila mzunguko iliinamishwa kidogo na kuinuliwa kidogo. Tairi za gari lile zilienda takriban mita 2.5 kwa mzunguko mmoja. Maana yake shafti ilikunjwa mara 400 kwa kila kilomita. Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua, uone kinafika mara ngapi.

Tairi zilizolika ndani, mafuta yaliyovuja: chuma kilikuwa kikinieleza kwa miezi mitatu. Sikukijua kisemacho.

Alipokuwa akiukata ufito wangu akanionyesha na mengine. Kwenye mshono palikuwa na vijitundu kama vya mkate, kwa sababu rodi zililowa unyevu wa stoo. Mahali pengine chuma kilichoyeyuka kilikuwa kimelala tu juu ya kasha bila kuingia ndani, kama nta ya mshumaa iliyomwagika mezani. Nilikuwa nimetia umeme mdogo nikihofia kutoboa. Na kule kwenye ncha, nilikokuwa nimeukata ufito kwa pembe mraba, ufa mpya ulikuwa umeanza kutambaa ndani ya kasha. Ufito mgumu unapokoma ghafla juu ya chuma kinyumbufu, mzigo wote hukusanyika pale unapokomea. Ndiyo sababu mafundi huzichonga ncha zake zikawa nyembamba pole pole, mfano wa mdomo wa samaki. Nilikuwa nimeuziba ufa mmoja nikazaa mwingine.

Nisidhaniwe kwamba makosa haya ni ya walimu wa fizikia peke yao. Mnamo Januari 16, 1943, meli ya mafuta iitwayo Schenectady, iliyojengwa karibuni tu, ilikuwa imefungwa gatini katika mji wa Portland, Marekani, maji yakiwa yametulia. Usiku ikapasuka kwa kishindo, ikakatika karibu vipande viwili. Wakati wa vita meli zilikuwa zikijengwa haraka, na badala ya kupigiliwa ribiti mabamba yake yaliunganishwa kwa kulehemu. Lawama za kwanza ziliuangukia ulehemu mbaya. Baadaye Constance Tipper, mtaalamu wa Cambridge aliyechunguza kuvunjika kwa meli za vita hivyo, alionyesha kwamba chuma chenyewe kilichotumika kilikuwa kikigeuka kuwa kama kioo katika baridi. Nako kuna jambo la tatu, ambalo fundi wa Voi angelielewa mara moja: ufa katika meli ya ribiti hukoma kwenye ukingo wa bamba, bali meli iliyolehemiwa ni kitu kimoja, na ufa hauna pa kukomea.

Mzee yule alilinyosha kasha langu kwa moto ule ule uliolipinda, akilichoma kwa upande wa chini, doa baada ya doa, na kuliacha lipoe. Kisha akalifunga kwa minyororo juu ya kipande cha reli kuukuu, nzito isiyopindika, akauchomelea ufito mpya wenye ncha zilizochongwa. Hakuchoma zaidi ya upana wa vidole viwili kwa mara moja. Akichoma kipande kushoto, hufuata cha kulia; akichoma mwisho huu, huhamia mwisho ule; katikati ya vipande hukaa akanywa chai mpaka aweze kuliwekea kasha kiganja. Nilimuuliza kwa nini asimwagie maji. Akanitazama kwa muda, asijibu. Kazi niliyoimaliza mimi kwa alasiri moja yeye ilimchukua siku mbili.

Lakini lililonishangaza zaidi alilifanya kabla ya yote hayo. Alikata vipande viwili vya chuma cha unene ule ule, akaviunganisha kwa rodi zile zile na umeme ule ule alionuia kuutumia, akakibana kimoja katika jiliwa, na kukipiga cha pili kwa nyundo mpaka kikalala. Mshono ulipinda bila kupasuka. Akaunganisha vingine, akavipiga kwa upande wa pili. Ndipo akaligeukia gari langu. Kumbe mzee huyu, aliyekuwa amechomelea vyuma tangu ujanani, alikuwa hajiamini. Kila asubuhi alianza upya kwa kuivunja kazi yake.

Hapa sasa ndipo ninapotaka kuzungumza na walimu wenzangu. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985 ulituletea ufundi shuleni. Wazazi walichanga, karakana zikajengwa, mashine zikanunuliwa. Nimezitembelea shule kadhaa ambamo karakana hizo ziligeuka maghala ya madawati mabovu, na nyingine ambamo mashine ya kuchomelea ilikuwa imefunikwa kitambaa kama maiti, mwalimu akihofia isiharibike. Na pale somo lilipofundishwa, nionavyo mimi lilifundishwa kwa kasoro ileile iliyokuwa ndani yangu. Mwanafunzi alitengeneza jembe, kiti au jiko; kazi ikapangwa mezani; mtahini akapita, akaipima kwa rula, akaitazama umaliziaji wake, akatoa alama. Rangi ilisaidia. Sijawahi kuona katika shule zetu kazi ya mwanafunzi ikibanwa kwenye jiliwa na mwanafunzi mwenyewe akipewa nyundo.

Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka wa 2017, unazungumza sana juu ya kutenda. Ufundi wa vyuma na mitambo umepewa nafasi katika masomo ya shule za sekondari za juu. Nami naunga mkono. Lakini kutenda peke yake hakutoshi; mimi pia nilitenda! Niliutenda mshono wa zaidi ya mita mbili kwa mkono wangu. Ambalo sikulifanya ni kuupa mkono wangu nafasi ya kushindwa mahali ambapo kushindwa hakuna hasara, nikajua kushindwa kwake kuna sura gani.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba chuma ni ghali, rodi ni ghali, na shule isiyoweza kununua chaki haiwezi kuchoma vyuma ili ivivunje. Ni hoja yenye uzito. Lakini kipande cha majaribio ni urefu wa kiganja, na kila gereji ya jua kali nchini ina rundo la vipande kama hivyo vinavyongoja kuuzwa kwa kilo. Mwanafunzi mmoja na rodi mbili zinatosha kwa somo la saa moja. Amfanye mwenzake avunje mshono wake, kisha wautazame ndani: pameingia? pana vijitundu? umepasuka katikati au ubavuni? Hayo ndiyo yaandikwe daftarini, na alama zitolewe kwa ukweli wa maelezo hata kama mshono wenyewe ulikuwa duni. Na walimu wa fizikia na kemia washuke karakanani siku hiyo, kwani mle ndimo yalimo masomo yao. Ile nambari 6013 iliyoandikwa kwenye rodi ya kawaida ni hesabu tupu: tarakimu 60 za mwanzo zaeleza nguvu ya mshono, yaani ratili 60,000 kwa kila inchi mraba, 1 yaeleza kuwa rodi hiyo yafaa kuchomea katika mkao wowote, na ya mwisho husimamia aina ya unga ulioivika. Rodi ya 7018 ina nguvu zaidi, lakini unga wake huchukia unyevu, na maji yakiingia humo haidrojeni yake hupenya ndani ya chuma na kukipasua saa kadhaa baada ya mchomeleaji kwenda zake nyumbani. Ni mwalimu gani wa kemia asiyeweza kulifanya hilo kuwa somo?

Kuna wanaosema pia kwamba kazi kama ekseli, springi na usukani zisiguswe kabisa na mtu asiyekuwa na cheti, na kwamba kulehemu nyumbani kupigwe marufuku. Siungi mkono. Hii mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza ina faida yake, na ningemshauri kijana yeyote aifanye. Lakini marufuku hayatamfikia kijana mwenye mashine ya kubeba begani na ua wa baba yake. Atakachokuwa nacho usiku ule, peke yake na kofia yake ya kioo cheusi, ni mazoea aliyotoka nayo shuleni. Mwenye mazoea mabaya hujitia hatarini hata kabla gari halijatoka uani: huchomelea karibu na tangi la petroli, huvuta moshi wa mabati yaliyopakwa zinki, huufunga waya wa kurudisha umeme mbali na kazi hata umeme ukapitia ndani ya beringi na kuzitoboa vidoa.

Turudi kwa mgeni wangu. Baada ya kumsimulia haya yote, chai ikiwa imepoa, alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama nina jiliwa. Ninalo, tangu mwaka ule wa 1998. Akachukua garini vipande viwili vya ufito ule ule aliotumia, akaiwasha mashine yake, akaviunganisha mbele yangu bila haraka. Mshono ukatoka mzuri, magamba ya samaki. Tukaungoja upoe. Akaubana, akachukua nyundo, akaniangalia kama anayeomba ruhusa, nami nikanyamaza.

Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili kipande kikabanduka kizima kama ganda la yai, na chini yake chuma cha awali kiling'aa, alama za tupa zikiwa bado zimo, hazikuguswa na moto.

Hakusema neno. Alikiokota kile kipande, akakizungusha mkononi mara kadhaa, akakitia mfukoni. Kisha akanyoosha waya wa grainda kutoka barazani kwangu mpaka kwenye gari, akajilaza chali chini ya ekseli, akaanza kukata.